Usiichemshe Brashi ya Kunyolea

Mama mwenzangu, kama una mtoto wa kiume ambaye ndevu zimemjia, soma habari hii kabla hujabandika sufuria jikoni. Ni habari ya mama mmoja ambaye mtaani kwao walimwita Mama Tahadhari, na jina hilo hawakumpa kwa kumwonea. Alikuwa mtu wa kuzima jiko, kufunga mlango, kufika njiani, halafu kurudi kuangalia kama jiko limezimwa. Na akilikuta limezimwa, analiwasha kidogo ili alizime vizuri.

Kazi yake ilikuwa usafi kwenye zahanati. Miaka kumi na moja alikuwa akiosha mikasi na vibanio vya daktari na kuvichemsha kwenye sufuria maalumu, dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Shule aliishia ya msingi, lakini kwenye mambo ya vijidudu alijiona profesa. Kwake yeye dunia ilikuwa na vitu vya namna mbili tu: vilivyokwisha kuchemshwa, na vinavyosubiri.

Mtoto wake wa mwisho alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Ndugu zake walimbandika jina la Taratibu, maana hata kuvaa viatu kwake ilikuwa shughuli ya kualika watu. Taratibu alikuwa amejifunza kazi ya kuhudumia mezani mwaka mzima, na sasa hoteli moja kubwa ilimwita. Alifika, akaulizwa maswali, akajibu yote. Mwishowe msimamizi wa ukumbi wa chakula akavua miwani, akamtazama shingoni.

"Kazi unaijua," akamwambia. "Lakini uso huo hauwezi kuinama juu ya sahani ya mgeni."

Uso wenyewe kwa kweli ulikuwa na taabu. Kuanzia taya mpaka kooni palijaa vipele vya ndevu, vingine vyeusi, vingine vina vichwa vyeupe, kama mtu aliyeangukia msumeno. Kufuga ndevu hoteli haikutaka, na vipele haikuvitaka vilevile.

"Nakupa wiki mbili," msimamizi akasema. "Ukija umenyoa na ngozi imetulia, koti lako lipo. Ukija hivi, koti atavaa mwingine."

Taratibu alipoyaleta maneno hayo nyumbani, mama yake hakulala wala hakumwacha mtu alale. Asubuhi alimkokota kijana mpaka kwa kinyozi wa pale kona, mtu mnene mwenye mikono midogo, ambaye watu wote walimwita Fundi. Fundi akamgeuza Taratibu kidevu kulia, akakigeuza kushoto, akaguna.

"Siku kumi wembe usiguse hapa. Ngozi ipumzike. Hivi viwembe vya plastiki vyenye meno matano, tupa. Tafuta wembe mmoja wa kushika vizuri, sabuni ya kunyolea ya kipande, na brashi ya nywele za mnyama. Brashi inazinyanyua ndevu na kuzilainisha. Wembe unapita bila ugomvi."

"Basi leo leo tunanunua, leo leo anaanza," mama akasema.

"Hapana, mama yangu. Brashi mpya haifanyi kazi siku ya kwanza. Inafundishwa kwanza."

"Kama ng'ombe wa kulima?"

"Kama mkwe," Fundi akajibu, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka mpaka benchi likalia.

Duka lilikuwa la vitu vya wanaume: mikanda, soksi, vichana, na nyuma ya kioo brashi zimesimama wima kwa mstari. Taratibu alitaka kuchagua mwenyewe. Alichukua moja, akaziinamisha ncha za nywele kwa dole gumba, akaziachia aone kama zinarudi upesi. Akavuta kidogo aone kama zinanyonyoka. Halafu akaiweka, akachukua nyingine, akaanza upya. Mwenye duka, kijana mwenye penseli sikioni, alimwangalia kwa heshima.

Mama yake hakuwa na subira hiyo. Yeye alichukua kila brashi iliyokuwa karibu, akajipitisha nayo shavuni, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza redio. Mteja aliyekuwa akijaribu mkanda akaacha kujaribu mkanda.

"Hii!" mama akasema kwa furaha. "Hii ndiyo laini. Taratibu, acha hizo, chukua hii."

"Mama," mwenye duka akasema kwa upole, "hiyo ni ya wanawake kupakia poda."

Mama Tahadhari akafungua jicho moja, kisha la pili, akaona kweli alikuwa amehamia upande wa pili wa kioo. Akairudisha mahali pake kana kwamba alikuwa akimjaribu tu yule kijana.

Taratibu akachagua yenye mpini wa mbao na singa nzito, ngumu kidogo. Mama akaigusa, akaruka. "Hii inachoma!"

"Inachoma sasa," mwenye duka akasema. "Ikifundishwa ncha zinalegea, zinagawanyika, inakuwa laini yenyewe. Kila jioni ailoweke maji ya uvuguvugu, uvuguvugu tu, aisugue kwenye sabuni, atengeneze povu kiganjani, aiache na povu lake mpaka asubuhi. Asubuhi aisuuze, aikung'ute, aisimamishe ikauke. Siku tisa au kumi."

"Na hizi nywele ni za nani?"

"Za farasi, mama. Za mkia."

"Huyo farasi alikuwa mzima?"

"Mama, mimi nauza tu."

"Hakuwa na ugonjwa wowote?"

Taratibu alikuwa akitazama dari.

Jioni hiyo wakaanza. Taratibu akailoweka, akaisugua kwenye sabuni, akaizungusha kiganjani. Povu likatokea, likakaa kidogo, likapotea. Akaongeza sabuni, nalo likapotea. Fundi alikuwa amewaambia kwamba brashi mpya inakula povu, lakini hakuwaambia kuhusu harufu. Singa zilipolowa, nyumba nzima ilinuka zizi siku ya mvua. Baba yake Taratibu, dereva mstaafu ambaye hajanyoa tangu astaafu na ndevu zake zinamfunika vifungo viwili vya shati, akanyanyua kichwa pale kwenye kiti.

"Nani kaingiza farasi?"

Baba na mwana wakacheka. Mama Tahadhari hakucheka. Aliisikia ile harufu, na kichwani mwake akawaona vijidudu wamepanga foleni kwenye mkia wa farasi, kila mmoja na mzigo wake, wanasubiri kuhamia kwenye vipele vya mwanawe. Kitu kilichotoka matakoni mwa mnyama asiyejulikana, mtoto apake usoni penye vidonda! Na mwenye duka amesema maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu unaua nini? Uvuguvugu unawaogesha tu.

Basi kesho yake Taratibu alipotoka kwenda kumsaidia dada yake kuhamisha kabati, mama akabandika sufuria. Maji yalipotokota akaitumbukiza brashi, akaangalia saa, akahesabu dakika ishirini kama za mikasi ya daktari. Alisimama hapohapo, mikono kiunoni, ameridhika kabisa na nafsi yake. Hata alijisemea kwamba watu wenye maduka wangekuwa na akili kama yake, dunia isingekuwa na magonjwa.

Mikasi, mama mwenzangu, ni chuma. Brashi ni nywele zilizoshikwa na gundi. Profesa wa vijidudu hakuliwaza hilo mpaka alipoishika brashi kwa mpini kuitoa, mpini ukaja peke yake. Nywele zilibaki sufuriani. Zilikuwa zimechomoka nzima kama jino la maziwa, zinaelea na kuzunguka polepole kama panya aliyezama. Akazivua kwa upawa, akazirudisha kwenye tundu la mpini, akabana kwa vidole viwili, akahesabu mpaka mia. Alipoachia, zikadondoka. Mpini nao ulikuwa umepasuka.

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja: kumngoja mtoto, kumwambia. Mtu mzima angefanya hivyo. Yeye alijifunga mtandio, akakimbia dukani.

Mwenye duka alimtambua akiwa bado mlangoni. "Mama! Ile ya jana umeila?"

"Nataka nyingine kama ile. Ndugu yake kabisa."

Saa sita haijafika, brashi ya pili ilikuwa imesimama dirishani palepale pa ile ya kwanza, na mama anafagia huku anaimba. Kuimba kwenyewe kungetosha kumtia mtu wasiwasi. Jioni Taratibu aliilowesha, akainusa, akaigeuzageuza.

"Mama, mbona kama imerudi nyuma? Jana povu lilikaa kidogo, leo halikai kabisa."

"Hali ya hewa," mama akasema.

"Na inanuka zaidi."

"Hali ya hewa, baba. Unyevu."

Sasa hofu yake ikapata mtoto. Aliogopa kwamba brashi imechelewa siku nzima, na siku za kuchezea hazipo. Akaamua kuifidia. Kila Taratibu akigeuza mgongo, mama anaifundisha. Alitengeneza povu kiganjani asubuhi kabla ya kazi, akatengeneza tena akirudi mchana. Kiganja kilipochubuka akahamia kwenye goti. Magoti yake hayajawahi kung'aa vile tangu alipozaliwa. Siku ya tano akaona goti halitoshi, maana goti haliwezi kumwambia kama brashi bado inachoma. Akaingia bafuni, akasimama mbele ya kioo, akajipaka povu mashavu yote mawili, kidevu, mpaka juu ya mdomo. Na kusema kweli, alianza kufurahia. Akazungusha, akapiga kwa madoido kama alivyomwona Fundi akipiga, akapandisha mpaka karibu na masikio.

Mlango hakuufunga. Yeye, ambaye alikuwa akirudi njiani kuangalia jiko.

Mumewe akasukuma, akasimama. Akatazama muda mrefu.

"Mke wangu," akasema polepole, "kama ndevu zimeanza kukuota, sema tu. Tumeishi miaka mingi. Siwezi kukukimbia kwa ajili ya ndevu."

"Funga mlango!"

"Nikuachie wembe, au unataka kufuga kama mimi?"

Kicheko chake ndicho kilichomleta Taratibu kutoka nje. Akachungulia juu ya bega la baba yake, akamwona mama ana uso mweupe kama ukuta mpya, brashi mkononi. Mama akataka kusema hali ya hewa, akaona haiwezekani. Ikabidi aseme yote: farasi, vijidudu, sufuria, dakika ishirini, panya aliyezama, duka, magoti.

Povu likawa linapasuka taratibu mashavuni mwake, analisikia.

"Mama," Taratibu akasema, "kuna kitu changu chochote ambacho hujawahi kukichemsha?"

"Viatu," baba yake akajibu. "Na alishavifikiria."

Lakini kijana hakucheka. "Zimebaki siku nane. Hoteli kama ile haitaniita mara mbili, mama. Wenzangu niliosoma nao wanne wanaingoja nafasi hiyohiyo." Akanyoosha mkono, akaichukua brashi, akaisuuza, akaikung'uta mara tatu. "Hii nitaiweka kwa Fundi. Nitaifundishia hukohuko."

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko angekemewa. Lakini hakuwa na mdomo wa kulalamika. Mdomo wenyewe ulikuwa na povu.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kutembea nyumbani bila kazi ya mikono. Siku ya kumi na moja alijua kijana ananyoa kwa mara ya kwanza, naye akapita kwa Fundi. Kupita tu. Alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu hamkuwa na kitu, lakini mtu mwenye kikapu huwa anaonekana ana safari.

"Karibu, mama wa farasi," Fundi akasema. Kumbe habari zilishafika.

Akaikuta brashi si ile tena. Ncha zake zilikuwa zimefunguka kama ua, zimelainika, harufu ya zizi imekwisha, imebaki ya sabuni. Taratibu aliizungusha bakulini na povu likaja zito, likasimama, halikwenda kokote. Akajipaka polepole, kila mahali, bila haraka, na kwa mara ya kwanza mama yake aliona kwamba kuna kazi duniani inayotaka mtu wa taratibu. Uso nao ulikuwa umetulia kwa zile siku za mapumziko. Kijana akateremsha wembe kufuata ndevu zinavyolala, shavu moja, la pili, shingo. Akasuuza. Hakuna damu hata tone.

Halafu, bila kufikiri, akageuka, akainama kidogo, akampelekea mama yake shavu. Na mama, bila kufikiri vilevile, mkono ukawa umeshatoka, akampandisha mgongo wa vidole kutoka shingoni kwenda juu.

"Bado inakwaruza," akasema.

Taratibu akaurudisha wembe shingoni, safari hii kutoka chini kwenda juu.

"Hebu ngoja," Fundi akasema. "Simama hapohapo. Mnafanya nini nyinyi?"

"Mama anakagua," Taratibu akasema.

"Anakagua tangu lini?"

"Tangu nianze kunyoa. Kila asubuhi. Akisema inakwaruza, narudia kinyume mpaka aseme basi."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Siku nyingine nne."

Fundi akaketi kwenye kiti cha wateja, mwenyewe. Akamtazama mama, akautazama mkono wa mama, ambao bado ulikuwa hewani.

"Mama yangu, mimi nimemwangalia kijana huyu wembe, nikamwangalia sabuni, nikamwangalia maji. Kumbe nilitakiwa kukuangalia wewe. Ndevu zake zimejipinda. Ukizikata kinyume, tena na tena mpaka zizame chini ya ngozi, zikirudi kuota zinajichoma zenyewe ndani kwa ndani. Ndiyo vipele hivyo. Ndevu ziachwe kidogo. Kidogo tu. Zikwaruze."

"Mimi nilitaka asionekane mchafu," mama akasema, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Najua."

"Nilitaka ang'ae."

"Amekuwa aking'aa kwa usaha, mama yangu."

Mama Tahadhari akaushusha mkono, akautia kikapuni. Alifikiri asubuhi zote zile. Mtoto anatoka bafuni na uso wake wa kutosha kabisa, yeye anamrudisha. Ameshuku sabuni, ameshuku maji ya bomba, amebadilisha foronya kila siku, amemchemsha farasi wa watu, na yule mkorofi mwenyewe amekuwa akimpikia chai mtoto kila asubuhi na kumuuliza kwa huruma vipele vinaendeleaje. Alitaka kulia, akajikuta anacheka, na kicheko kikamtoka kibaya, kama mtu anayekohoa.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama, na mimi ningeweza kukataa," Taratibu akasema. "Nilikuwa naogopa hutaniacha nitoke."

"Nisingekuacha," mama akasema. Angalau kwa hilo hakudanganya.

Siku ya kumi na nne Taratibu alinyoa nyumbani, mlango umefungwa. Mama alisikia maji, akasikia brashi inazunguka bakulini, akasikia wembe unagongwa ukingoni mwa sinki. Mikono yake akaitia kwenye beseni la nguo, mpaka viwiko, ili iwe na pa kukaa. Kijana akatoka. Ngozi ilikuwa imetulia, nzima, ya mtu yeyote. Lakini chini ya kidevu, upande wa kushoto, palikuwa na kivuli. Mama alikiona kijana akiwa bado mlangoni. Kilimwita kwa jina.

"Vipi?" Taratibu akauliza.

"Uso ni wako, baba."

Mumewe akashusha kikombe. "Unaumwa?"

Kijana akaenda. Mama akafua beseni lile mara mbili, nguo zilezile.

Adhuhuri akarudi, koti jeupe limekunjwa mkononi. Akawasimulia akiwa amesimama. Msimamizi alimgeuzia dirishani, akamtazama taya, akamtazama shingo, akasema, "Haya. Beba sahani nne." Akabeba. Akaambiwa azirudishe, akazirudisha. Uso ulichukua muda wa kupiga chafya, sahani zilichukua saa nzima. Wiki mbili nyumba ile ilikuwa imekesha kwa ajili ya uso, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mtoto kama sahani zinamkaa.

"Na kivuli?" mama akauliza. Lilimtoka.

"Kivuli gani?"

"Hamna. Endelea."

"Naanza kesho. Tunanyoa hukohuko, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya zamu. Kila mtu na vifaa vyake."

Kwa hiyo brashi ilikuwa inahama. Asubuhi yake Taratibu aliifunga kwenye kitambaa kisafi, ncha zimeangalia nje zipate hewa, akaitia mfukoni mwa begi pamoja na sabuni. Mama alisimama naye mlangoni. Alikuwa na maneno kooni ya kujaza kikapu kile.

"Mama, sema moja," Taratibu akamwambia, "moja tu, nachelewa."

Akafikiri kwa nguvu mpaka paji likakunjamana. "Usiifungie kabatini ikiwa mbichi."

"Sawa, mama."

Akaondoka kwa mwendo wake uleule wa kuhesabu hatua. Mama akajibana. Akamwacha akapita nyumba ya kwanza, akapita bomba la maji, akapita kibanda cha Fundi aliyekuwa anafungua. Kweli alijitahidi. Alivumilia mpaka kijana amefika kona, ambapo akipinda hatamwona tena.

"Na usimwazime mtu!" akapaza sauti, mtaa mzima ukageuka. "Hata msimamizi! Taratibu! Hata akiomba vizuri!"